Kusajili alama ya biashara Zanzibar: gharama zinapoanzia na zinapozidishwa

Nina kiduka cha kuchapisha lebo na vifungashio mjini Unguja. Mtu akija kuchapisha lebo ya sabuni, achari au viungo, kabla hajaondoka huniuliza: "Na hii kuisajili bei gani?" Zamani nilikuwa namjibu kwa kumtajia ada. Siku hizi namuuliza mimi: unauza nini na nini, na unauzia wapi? Ada ni kipande kidogo tu cha hesabu, na kazi kubwa iko katika kuizidisha.

Hesabu yenyewe ndiyo hii: idadi ya alama, mara idadi ya madaraja ya bidhaa (makundi zinamogawiwa), mara idadi ya mahala unapotaka kulindwa. Mwenye alama moja, daraja moja, Zanzibar peke yake, analipa fungu moja la ada. Mwenye jina na nembo, madaraja matatu, Zanzibar na Bara, ana mafungu kumi na mawili. Wote wawili wameuliza swali lile lile, na jibu la mmoja halimfai mwenziwe.

Nitakwenda hatua kwa hatua. Pale penye pesa nitakaa zaidi, kwengine nitapita haraka.

Kwanza: jua unachokisajili

Watu huchanganya vitu vitatu. Jina la biashara ni lile uliloandikisha ili ufanye kazi kwa jina hilo badala ya jina lako. Kampuni ni mtu wa kisheria aliyezaliwa kwa karatasi. Alama ya biashara ni kile kinachomfanya mnunuzi aitambue bidhaa yako rafuni: neno, mchoro, au vyote viwili pamoja.

Cheti cha jina la biashara hakikupi haki ya kumzuia mwenzako asilibandike jina hilo kwenye sabuni yake. Nimeshaona watu wakikitia kwenye fremu na kukitundika ukutani wakiamini wamemaliza. Haki ya peke yako juu ya alama inakuja kwa kusajili alama. Leseni ya manispaa, namba ya mlipakodi, cheti cha ZFDA (wakala wa chakula na dawa) kwa chakula na alama ya ubora ya ZBS (taasisi ya viwango) nazo ni karatasi nyengine, kila moja na mlango wake na malipo yake. Weka bajeti zake mbali.

Kwa Zanzibar, mlango wa alama ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, wenyewe tunaita BPRA, na sheria inayotumika ni Sheria ya Mali za Viwanda ya Zanzibar, Namba 4 ya 2008. Kwa Bara ni BRELA, na sheria yao ni ya alama za biashara na huduma ya 1986. Ni milango miwili kweli kweli. Alama za biashara hazimo katika orodha ya mambo ya Muungano, kwa hivyo cheti cha Dar es Salaam hakikulindi Darajani, na cha Unguja hakikulindi Kariakoo. Mfanyabiashara wa Zanzibar anayepakia mzigo wake botini kwenda Bara ameshazidisha hesabu yake mara mbili kabla hajashika kalamu.

Pili: chagua jina linalosajilika

Hapa ndipo panapopotea pesa nyingi kuliko pahala pengine, na hakuna risiti inayoonesha.

Mteja mmoja kutoka Pemba alikuja na jina zuri la sabuni ya mwani. Alikuwa na haraka, maonesho yalikuwa wiki ile ile. Nikamchapia lebo elfu tano. Miezi miwili baadaye alipokwenda kusajili akaambiwa lipo jina linalofanana nalo sana, bidhaa ni hiyo hiyo. Lebo zilizobaki wanawe waliziandikia hesabu za skuli upande wa nyuma. Gharama ya lebo zile ilikuwa kubwa kuliko yote aliyokuja kulipa baadaye kwa jina jipya, na mimi nilikuwa nimeshazipokea pesa zake. Tangu siku ile simchapii mtu zaidi ya lebo mia mbili kabla hajalitafuta jina lake.

Kulitafuta kunaanzia bure. Hazina ya alama ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, iko wazi mtandaoni kwa kila mtu. Andika jina lako, andika na yanayokaribia kulitamka, kwani mkaguzi wa maombi haangalii herufi tu, anasikiliza na sauti. Kisha tafuta Instagram na sokoni. Ukimaliza hayo, omba upekuzi rasmi kwa Mrajis pale BPRA, maana si kila alama iliyosajiliwa hapa utaiona mtandaoni. Upekuzi una ada yake, nao ni malipo ambayo sijawahi kumuona mtu akiyajutia.

Halafu lipime jina lenyewe. "Karafuu Safi" kwa karafuu, "Mwani Asilia" kwa sabuni ya mwani, "Zanzibar Spice" kwa viungo: majina haya yanaitaja bidhaa au pahala inapotoka, na kila mwenye biashara kama yako ana haki ya kuyatumia. Yakikataliwa, ada ya maombi uliyolipa imeliwa na kazi ya ukaguzi. Yakikubaliwa, mara nyingi ni kwa sharti la kukanusha haki ya peke yako juu ya neno "Zanzibar" au "Karafuu", na kinachobaki kulindwa ni kile kimchoro cha pembeni. Bendera na nembo ya taifa usiziguse kabisa.

Jina lenye nguvu ni lile lisilosema chochote kuhusu bidhaa. Neno la kubuni. Jina la bibi yako. Neno la kawaida lililowekwa pasipo pake, kama mtu kuziita sabuni zake "Tanga la Nyuma". Wateja wangu hawapendi kusikia haya, wanataka jina litangaze. Mimi nawaambia kutangaza ni kazi ya maandishi madogo yaliyo chini ya jina.

Tatu: neno, nembo, au vyote?

Neno likisajiliwa kwa herufi za kawaida linalindwa kwa mwandiko wowote. Nembo ikisajiliwa na rangi zake inalindwa kama ilivyochorwa, na ukija kubadilisha mchoro baada ya miaka mitatu, cheti kinabaki kuulinda mchoro wa zamani. Ukisajili vyote viwili mbali mbali ni alama mbili, mafungu mawili.

Kama pesa ni ya fungu moja tu, mimi ningesajili neno. Kama neno ni dhaifu na mchoro ndio wenye sura, sajili viwili pamoja kama alama moja, na upeleke mchoro kwa rangi nyeusi na nyeupe ili usijifunge na rangi.

Kuna jambo la mchoraji. Nembo aliyochora kijana wa mtaani kwa elfu thelathini ni kazi yake ya sanaa, na hakimiliki iko kwake mpaka akukabidhi kwa maandishi. Karatasi moja yenye saini mbili inatosha, iandikwe siku ya kumlipa. Ukiisubiri biashara ikue, bei ya saini hiyo inakua nayo.

Jina likiwa kwa herufi za Kiarabu, au ni neno la lugha nyengine, andaa maana yake na namna linavyosomeka kwa herufi za kirumi.

Nne: madaraja, hapa kaa vizuri

Bidhaa na huduma zote duniani zimegawiwa madaraja 45 kwa mpango uliotokana na mkataba wa Nice, Ufaransa, wa 1957. Madaraja 1 hadi 34 ni ya bidhaa, 35 hadi 45 ni ya huduma. Unalipa kwa daraja.

Kwa biashara za visiwani, haya ndiyo ninayoyaona kila wiki: sabuni na mafuta ya kujipaka ni daraja la 3, viungo, kahawa, chai na halua ni 30, achari, matunda yaliyokaushwa na mwani uliotayarishwa kwa kuliwa ni 29, juisi na maji ya chupa ni 32, nguo zilizoshonwa 25, vitambaa vya jora 24. Hoteli na mikahawa ni 43. Kampuni ya kutembeza wageni ni 39, lakini ikifundisha kuzamia imeingia 41. Duka linalouza bidhaa za watu wengine ni 35.

Angalia bidhaa moja inavyoweza kuhama. Mafuta ya karafuu ya kujipaka yako daraja la 3. Yakiuzwa kama dawa ya jino yamehamia la 5. Kwa hivyo andika bidhaa kama unavyoiuza, usiandike kama inavyoitwa tu. Na madhali nimeitaja karafuu: cheti cha alama si ruhusa ya kufanya biashara ya karafuu kavu. Hiyo ina sheria yake na mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali.

Kosa la kawaida ni tamaa. Mtu anauza viungo leo, anaota kufungua hoteli, anataka kulipia 30, 43, 39 na 25. Alama isiyotumika kwa miaka inaweza kuombewa ifutwe, kwa hivyo unalipia uzio wa kiwanja utakachonyang'anywa. Lipia unachokiuza, ongeza kile ambacho kweli utakianza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kosa la pili ni kinyume chake: kulipia daraja la 3 kwa sabuni na kuusahau mwani wa kula, ambao ndio wateja wa nje wanaouagiza.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Micheweni mwenye sabuni ya mwani, mwani mkavu wa kuliwa na mchanganyiko wa viungo vya chai. Madaraja yake ni 3, 29 na 30. Jina moja. Anauza Pemba na Unguja, na ana dada yake Dar es Salaam anayepokea katoni. Hesabu yake ni moja mara tatu mara mbili: mafungu sita. Anazo njia mbili za kuipunguza bila ya kujidhuru. Dar dada anauza sabuni peke yake, basi Bara alipie daraja la 3 tu, mafungu yanashuka hadi manne. Na viungo vya chai kama bado ni vya majaribio, vingoje. Yanabaki matatu.

Tano: nani awe mmiliki

Mtu binafsi anaweza kusajili kwa jina lake, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi mkononi, bila ya kampuni. Mwenye jina la biashara peke yake ndiye huyo huyo mtu binafsi, kwa sababu jina la biashara halimiliki kitu. Kampuni inasajili kwa jina la kampuni na hati zake.

Tofauti ya gharama inakuja baadaye. Ukisajili kwa jina lako leo na kufungua kampuni mwakani, alama itahitaji kuhamishwa kwa hati ya makabidhiano, ikaingizwe kwenye daftari la Mrajis kwa ada nyengine. Kama kampuni iko njiani ndani ya mwezi mmoja au miwili na jina halina mshindani, subiri. Kama kuna mtu ananusanusa jina lako, sajili leo kwa jina lako na gharama ya kuhamisha uikubali.

Ndugu wawili wanaofanya kazi pamoja wasimwandike mmoja "kwa urahisi tu". Alama ni mali. Mwenyewe akifariki inaingia kwenye mirathi kama shamba na nyumba, na jambo likafika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana huku ndugu aliyekuwa akipika sabuni hana jina popote.

Kwa vikundi, na visiwa vyetu vimejaa vikundi, ipo alama ya pamoja. Ushirika unaisajili, wanachama wote wanaitumia, na maombi yanaambatana na kanuni za matumizi: nani anaruhusiwa, ubora gani, nani anaondolewa. Kikundi cha akinamama thelathini kikigawana fungu moja, kila mmoja analipa kiasi cha nauli. Sielewi kwa nini haitumiki zaidi. Nadhani ni ugumu wa kuandika zile kanuni, maana hapo ndipo watu hugombana kuhusu ubora, na ni afadhali wagombane mapema.

Sita: kupeleka maombi na kulipa

Andaa fomu ya maombi, picha safi ya alama, orodha ya bidhaa kwa madaraja, na kitambulisho au hati za kampuni. Ukimtumia wakili, ongeza hati ya uwakilishi. Mwenye makaazi nje ya Zanzibar anahitaji wakili anayefanya kazi hapa. Mkaazi anaweza kwenda mwenyewe.

Ada zimepangwa kwa kanuni na hubadilishwa, kwa hivyo chukua jedwali la ada la siku hiyo hiyo kutoka BPRA, usichukue la jirani aliyesajili mwaka juzi. Uliza malipo ya hatua zote kwa pamoja: upekuzi, maombi, kutangazwa, cheti. Watu wengi hulipa maombi wakadhani wamemaliza, kisha faili linalala kwa sababu malipo ya hatua inayofuata hayajafanywa. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Mtu akikupa namba yake binafsi "akuharakishie", mshukuru uondoke.

Wakili wa kumlipa na wakili wa kumkwepa? Kwa neno moja la kubuni na daraja moja, mtu anayesoma vizuri anaweza kujipelekea. Kwa madaraja matatu, au jina lenye jirani anayefanana nalo, malipo ya wakili yanazidi ada yenyewe lakini anayastahili. Mwambie akuandikie kwa mistari: ada ya serikali kiasi gani, kazi yake kiasi gani, na ikitokea pingamizi atatoza vipi. Akikupa jumla moja tu ya mviringo, muombe aigawe.

Saba: kusubiri

Mkaguzi anaangalia. Akiwa na hoja anaandika, na una muda maalumu wa kujibu. Ukiupitisha, maombi yanahesabiwa yameachwa na unaanza upya kwa ada mpya. Weka anuani ya barua pepe unayoifungua kweli, si ile ya kijana wa intaneti kafe.

Akiridhika, alama inatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pingamizi ndiyo gharama pekee usiyoweza kuipangia, kwa sababu inategemea ukaidi wa watu wawili. Kwa mfanyabiashara mdogo, barua ya maafikiano, mfano mmoja abaki kwenye sabuni na mwengine kwenye vyakula, ni rahisi kuliko kesi.

Baada ya kutangazwa, baadhi ya watu hupokea ankara zenye mihuri ya kupendeza kutoka "sajili za kimataifa" wasizozijua, zikidai mamia ya dola. WIPO wameshatahadharisha juu yake. Hulazimiki kulipa.

Mpaka cheti kitoke, usiniombe nikuchapie ile R iliyo ndani ya duara. Hiyo inadai kuwa umeshasajili. Herufi TM ndogo juu ya jina hazina tatizo.

Nane: nje ya nchi

Mwenye kuuza kwa watalii tu hana haja na hatua hii. Mtalii akiipakia sabuni mkobani hukuuza nje. Anayesafirisha kwa makasha ndiye wa kusoma.

Chukua yale madaraja matatu ya mama wa Micheweni. Umoja wa Ulaya wanatoza euro 850 kwa daraja la kwanza, 50 kwa la pili, 150 kwa la tatu: jumla euro 1,050, na cheti kinashika nchi zote za Umoja. Marekani, tangu Januari 2025, ni dola 350 kwa daraja: jumla dola 1,050, nchi moja. Namba zimegongana kwa bahati, lakini thamani yake si moja. Na kote kuwili mwombaji wa kutoka kwetu lazima awe na mwakilishi wa huko, ambaye ana bei yake.

Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa nafasi ya kupumua: ukiomba nyumbani kwanza, una miezi 6 ya kuomba nchi nyengine wanachama ukahesabiwa kuwa umeomba siku ile ile ya nyumbani. Itumie miezi hiyo kuona kama mnunuzi wa Ulaya ana nia au ananusanusa tu.

Tisa: kuhuisha

Usajili wa Zanzibar unadumu miaka 10 tangu siku ya kuomba, kisha unahuishwa kwa miaka 10 mengine. Bara unaanza na miaka 7, halafu 10. Aliyeomba kote kuwili 2026 atahuisha Bara 2033 na 2043, Zanzibar 2036 na 2046. Na ile zidisha ya mwanzo inarudi kila mara, kwa kila daraja, ndiyo maana daraja la tamaa linakula pesa zaidi ya mara moja. Wakati wa kuhuisha angalia bidhaa ulizoziacha, na uache kulipia madaraja yake.

Ukichelewa kuna muda wa ziada na faini yake. Mkataba wa Paris unataka usipungue miezi 6. Tarehe hizo usiziweke kwenye simu, kwani simu ya 2026 hutakuwa nayo 2036. Wateja wangu nawaambia waziandike nyuma ya cheti chenyewe kwa wino, pamoja na jina la mtoto atakayekumbushwa.